Maji yanapungua, chini hakuna tone: gari liende Mbeya au lisiende?

"Nina Toyota Allion ya 2003, cc 1,500, injini ya 1NZ. Tangu mwezi uliopita naongeza maji karibu nusu lita kila wiki, lakini chini ya gari sijawahi kuona hata tone. Mshale wa joto uko katikati siku zote, haujapanda hata mara moja. Asubuhi nikiliwasha linatetemeka kama sekunde kumi, kisha linatulia na siku nzima linakwenda vizuri. Fundi wangu anasema tutoe thamostati. Mwingine ameniambia ninunue dawa ya kuziba nimimine kwenye rejeta. Mwisho wa mwezi natakiwa kuipeleka familia Mbeya kutoka Dar es Salaam. Niende au nisiende?"

Ndugu yangu, nianze na lile lililo mwisho wa swali lako. Usiende Mbeya na gari hilo kabla halijapimwa. Sisemi injini imekufa, na inawezekana kabisa tatizo likawa dogo. Lakini umetaja mtetemo wa asubuhi kama jambo la kupita, na kwangu mimi hilo ndilo zito kuliko yote uliyoandika.

Ungeniambia maji yanapungua tu, ningekuambia tukatafute yanapovujia. Ungeniambia gari linatetemeka tu, ningeanza na plagi na koili, vinavyotoa cheche ya kuwasha mafuta. Vikija pamoja, swali la kwanza linalonijia ni kama maji yanaingia ndani ya silinda wakati umelala.

Nikueleze yanaingiaje. Injini yako ina vipande viwili vikubwa: bloku chini, ambamo pistoni zinapanda na kushuka, na silinda hedi juu, yenye valvu. Katikati yake kuna gasketi, bamba jembamba lenye matundu mengi. Bamba hilo linazuia vitu vitatu visikutane: moto wa silinda, maji ya kupooza na oili. Moto ule unapita nyuzi 2,000 za Selsiasi kwa kitambo kidogo sana kila mlipuko, na aluminiamu ambayo hedi yako imetengenezwa nayo huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kinachoifanya isiyeyuke ni maji yanayozunguka muda wote milimita chache tu kutoka kwenye moto huo.

Gasketi ikianza kuungua, haiungui yote kwa pamoja. Inaanza na njia nyembamba kama uzi kati ya silinda na mfereji wa maji. Injini ikiwa inafanya kazi, presha ya silinda ni kubwa mno kuliko ya maji, hivyo gesi ya moto inasukumwa kuingia kwenye maji na maji yanafukuzwa kuelekea kidumu cha akiba. Ukizima gari, silinda inabaki bila presha, lakini maji bado ni ya moto na yamebanwa na mfuniko wa rejeta. Sasa yanarudi kwa njia ile ile, kidogo kidogo, na kutulia juu ya pistoni. Asubuhi plagi ya silinda hiyo imelowa, haiwashi, na silinda tatu zinafanya kazi ya nne. Ndiyo maana gari linatetemeka. Baada ya sekunde kumi unyevu umeungua na kutoka kwa bomba la moshi, na gari linakuwa kama halikuwa na kitu.

Sasa kuhusu mshale, kwa sababu naona ndio uliokutuliza. Kwenye Toyota nyingi mshale umetengenezwa ukae katikati kwa kiwango kirefu cha joto ili dereva asihangaike kila ukipanda mlima au ukiwasha AC. Ukianza kupanda, ujue joto limeshapita pale ambapo ungependa kujulishwa. Isitoshe, kihisi chake kinapima joto la maji yanayokigusa. Maji yakipungua kikabaki kwenye hewa au mvuke, kinaweza kukudanganya. Wenye Toyota Vitz na Passo nyingi hawana hata mshale: wana taa ya buluu injini ikiwa baridi na taa nyekundu ikiwa imechemka, na katikati ya hizo mbili hakuna habari yoyote. Kwa hiyo kutopanda kwa mshale wako hakuthibitishi kwamba gasketi ni nzima. Kunaonyesha tu kwamba hujawahi kuacha maji yaishe, na hapo nakupongeza.

Nakuomba uvumilie kidogo nikusimulie Toyota Noah moja. Mwenyewe alikuwa akiongeza maji kwa miezi mitatu, kama wewe, na mshale ukiwa katikati, kama wako. Akasafiri na watoto. Pale mlima wa Kitonga, njiani kwenda Iringa, baada ya joto la Ruaha Mbuyuni, kwenye zile kona ambazo malori yanapanda kwa gia ya kwanza na wewe unajikuta nyuma yao huna pa kupita, gari likakosa nguvu ghafla. Alidhani ni mafuta, akaendelea kukanyaga. Aliposimama maji yalikuwa yamekwisha. Walilala barabarani, na gari likaja gerejini kwangu juu ya lori. Nilipoifungua ile hedi nikaiosha, nikaiwekea rula ya chuma upande wa gasketi na kuielekeza dirishani. Mwanga ulipita chini ya rula, kati ya silinda ya pili na ya tatu. Nikachukua vibati vya kupimia nafasi, nikaanza na kile chembamba. Cha milimita 0.20 kilipita bila kukwama. Injini nyingi ndogo za Toyota haziruhusu hedi kupinda zaidi ya milimita 0.05. Tena ikawa imepasuka kati ya valvu mbili. Miezi mitatu kabla ya hapo kazi yake ilikuwa gasketi na kuchonga hedi. Siku ile ilikuwa injini nyingine. Watoto wake walikuwa wadogo sana kulala kando ya barabara ile, na ndiyo maana nimeanza kwa kukuambia usiende.

Turudi kwa mafundi wako. Thamostati ni lango la maji. Kwenye injini yako hufunguka kwenye nyuzi zinazokaribia 82. Imezoeleka huku kwetu kuitoa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inaongeza mafuta ikidhani gari bado la baridi, unywaji unapanda na oili inachafuka mapema. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ikifunguka upande mmoja, upande wa pili huziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka na kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Utakuwa umepunguza upoozaji siku ya mlima. Kama thamostati ni mbovu, inunuliwe nyingine. Na kwa tatizo lako hata ikiwa mbovu haielezi maji yanakokwenda.

Dawa ya kuziba siipendi, ila nitaitendea haki. Kwenye rejeta yenye tundu dogo la sindano inaweza kukufikisha nyumbani. Kwenye gasketi inayopitisha gesi ya mlipuko haidumu, kwa sababu kile ilichokiziba kinapigwa na presha mara mamia, hata elfu, kwa dakika. Wakati huo huo inashika kwenye mirija myembamba ya rejeta na ya hita, na fundi atakayekuja baadaye atalipwa na wewe kuisafisha. Usiimimine kabla ya vipimo.

Sasa habari inayoweza kukupa ahueni. Gari linaweza kupoteza nusu lita kwa wiki bila tone kufika chini, kwa sababu maji yanayotoka yakiangukia chuma cha moto yanakuwa mvuke palepale. Pampu ya maji ya 1NZ huanza kuvuja taratibu nyuma ya puli yake, na inaacha alama: ukoko wa rangi ya waridi au mweupe, kama chumvi iliyokauka. Mishono ya rejeta, pale plastiki inapokutana na aluminiamu, nayo ni hivyo hivyo. Rejeta ndogo ya hita iko ndani ya dashibodi. Ikivuja, zulia la abiria wa mbele linalowa, kioo kinakuwa na ukungu wenye utelezi, na kama una kulanti (dawa ya kupooza inayochanganywa na maji ya rejeta) unasikia harufu tamu. Mfuniko wa rejeta wenye mpira uliochoka unaachia presha mapema. Mifuniko mingi ya Toyota imeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake, na ile presha ndiyo inayofanya maji yasichemke hadi nyuzi 120 hivi. Bila presha, mjini Mbeya, mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu. Mfuniko mbovu Dar unaweza kukusamehe mwaka mzima, ukakuaibisha ukifika Igawa, ukikaribia Mbeya. Kwa hiyo mfuniko na pampu vinaweza kueleza maji. Mtetemo havielezi, isipokuwa una matatizo mawili kwa bahati mbaya, jambo ambalo kwa gari la 2003 linatokea pia.

Jumamosi asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, fanya hivi kabla hujaliwasha. Bonyeza mpira wa juu wa rejeta. Gari lililopoa kwa muda wa saa nane au kumi mpira wake unakuwa mlaini. Ukiukuta umejaa na mgumu kama tairi la baiskeli, kuna gesi iliyoingia na kubaki humo. Kisha fungua mfuniko wa rejeta (narudia, asubuhi, injini ya baridi kabisa, maana nimewaona watu wameungua uso na kifua kwa kuharakisha hatua hii). Angalia kama maji yamefika juu. Chomoa dipstiki uangalie oili: ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, usiwashe gari, piga simu fundi aje. Utelezi mweupe kidogo chini ya mfuniko wa oili peke yake usikutie hofu, mara nyingi ni unyevu wa safari fupi fupi.

Baada ya hapo acha mfuniko wa rejeta wazi, mwambie mtu awashe gari, wewe usimame kando uangalie ndani bila kuinama juu yake. Viputo vichache dakika ya kwanza ni hewa inayotoka. Vikiendelea mfululizo, na vikiongezeka mtu akikanyaga mafuta kidogo, hiyo ni gesi ya silinda. Rudisha mfuniko kabla maji hayajapata joto. Mtu mwingine aangalie bomba la moshi. Mvuke mweupe wa asubuhi unaokwisha baada ya dakika chache ni wa kawaida, hata magari mapya kwenye baridi ya Makete na Njombe yanautoa. Moshi mweupe mzito unaoendelea injini ikishapata joto si wa kawaida.

Hata usipoona kimojawapo, nenda gerejini. Njia ya uzi inaweza isionyeshe kiputo hata kimoja. Usiende ukasema "nitazamie injini," omba vipimo kwa majina. Cha kwanza ni pampu ya kupima presha ya rejeta: inafungwa jioni, mshale wake unaangaliwa kama unashuka, na asubuhi plagi zinatolewa waone ipi imelowa. Cha pili ni kipimo cha gesi. Chupa yenye kimiminika cha buluu inawekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa inafanya kazi, na gesi ya moshi ikiwemo, buluu inageuka njano. Ni kipimo rahisi na kinamaliza ubishi mwingi. Cha tatu ni kupima kompresheni, yaani presha ambayo pistoni inabana, ya silinda zote nne. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imeungua kati yake. Na mwambie fundi apange plagi nne mezani kwa mpangilio wake. Plagi ya silinda inayokunywa maji mara nyingi inakuwa safi na nyeupe, kama imeoshwa, na zile tatu zina rangi yao ya kahawia. Ukiiona kwa macho yako mwenyewe hutahitaji maelezo yangu.

Tuseme vipimo vimesema gasketi. Gari halijawahi kuchemka, kwa hiyo nafasi yako ya kupona kwa gharama ya kawaida ni nzuri. Kazi yenyewe ni kufungua hedi, kuipeleka kwa wachongaji wa mashine, ipimwe kama imepasuka kwa kutiwa presha, ipimwe kama imepinda, na ichongwe kidogo tu kama inahitaji. Uso wa bloku nao upimwe, na mafundi wengi wanauruka huu. Gasketi iwe mpya na ya kueleweka. Bolti za hedi za injini hii hukazwa hadi kuvutika, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na kisha kwa kugeuzwa pembe maalumu, hivyo zipimwe urefu, na mimi kwa gari la umri huo naweka mpya bila kubishana. Ukiona fundi anazikaza kwa nguvu za mkono na kusema ameshazoea, simamisha kazi. Gari linalokata gasketi tena baada ya miezi miwili mara nyingi liliharibiwa siku ya kufungwa.

Injini ya mtumba watu wataipendekeza, hasa kwa vile za 1NZ zinapatikana. Naikubali kama hedi na bloku vimeharibika pamoja, au kama injini yako tayari inakula oili. Vinginevyo unabadilishana tatizo unalolijua na historia usiyoijua. Ukiichukua, ipimwe kompresheni kabla ya kulipa, na kumbuka namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo mabadiliko yapelekwe TRA, Mamlaka ya Mapato, usije ukasumbuka siku ya kuuza.

Chaguo la tatu ni kuendelea kuongeza maji. Najua fedha zinabana, na wapo walioendesha hivyo kwa muda mrefu hapa mjini. Hatari yake ni mbili. Siku moja maji yatakayoingia silinda usiku yatakuwa mengi, na maji hayashindiliki: ukipiga stata, pistoni inagonga maji na konrodi, mkono unaoiunganisha pistoni na kranki, inapinda. Kwa hiyo asubuhi yoyote ukisikia stata imegoma ghafla kama imekuta ukuta, usirudie kupiga. Hatari ya pili ni maji kuingia kwenye oili. Beringi za kranki zinaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili yenye maji haiwezi kuubeba mzigo. Ukisikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini, injini imeanza kunoki. Zima hapo hapo ulipo, hata kama nyumbani ni mita 500.

Na ikitokea limepandisha joto barabarani kabla hujafika gerejini, zima AC, washa hita ya moto hadi mwisho hata kama mtatoka jasho, maana nayo ni rejeta ndogo, na tafuta pa kusimama. Mvuke ukionekana zima injini. Usifungue mfuniko, usimwagie injini maji. Chuma cha moto kikipokea maji baridi ghafla kinapasuka, na kupasuka kule hakuna gasketi ya kukutibu. Subiri si chini ya nusu saa, mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono.

Kitu kimoja ambacho hukukiandika: maji gani unaongeza? Kama ni ya kisima cha Dar, acha leo. Chumvi yake inakula aluminiamu na kujenga magamba kwenye mirija. Nunua kulanti iliyochanganywa tayari, au changanya nusu kwa nusu na yale maji ya betri yasiyo asidi.

Kuhusu safari, tuhesabu pamoja. Kazi ya hedi ikifanywa bila papara, pamoja na foleni ya wachongaji, ichukulie siku nne au tano. Ukipima wiki hii, muda unao. Gari likitoka, hakikisha hewa imetolewa yote kwenye maji na feni umeiona ikiwaka na kuzima yenyewe. Liendeshe mjini siku tatu, kila asubuhi angalia kiwango cha maji kabla ya kuwasha. Kisha nenda nalo Chalinze na kurudi, peke yako, AC ikiwa imewashwa. Kesho yake asubuhi fungua mfuniko. Maji yakiwa pale pale ulipoyaacha, na gari likiwaka bila kutetemeka, pakia familia. Yakiwa yamepungua hata kidogo, kata tiketi za basi na umrudishie fundi gari lake alimalizie.